Umeme Upo, Lakini Hautoshi

Neno "haiwaki" halimsumbui mwanafunzi wa Kiswahili. Ni kitenzi cha kawaida kilichokanushwa, na mtoto wa shule ya msingi anaweza kukichambua. Mafundi wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura unaojulikana kwa Kiswahili chake na kwa gereji zake, hulisikia kutwa nzima: pikipiki haiwaki, redio haiwaki, simu haiwaki. Ila kwao neno hilo ni mlango tu. Nyuma yake kuna maradhi mengi yasiyofanana, na anayetibu bila kuuliza ni lipi huuza kitu kizima kwa bei ya chuma chakavu.

Hilo lilikaribia kumpata mjomba wangu. Yeye hukodisha vyombo vya sauti kwa ajili ya harusi na maulidi. Kiini cha kazi yake ni mikisa ya kidijitali aliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika, yenye umri unaokaribia miaka 20. Maikrofoni zote na kinanda huingia humo, zikatoka sauti moja. Mwezi wa Ramadhani, wakati harusi zimesimama, mikisa ikagoma. Baada ya Idi zilikuwa zikimngoja harusi tatu. Malipo ya awali alikwisha kuyapokea, na sehemu ya fedha hizo ilikuwa imekwisha kulipa ada yangu ya chuo. Hazikuwepo tena za kurudisha.

Muuza vifaa mmoja aliitazama mikisa kwa dakika chache, akasema bodi kuu imekufa, akajitolea kuichukua apate vipuri. Hoja yake ilikuwa hii: ukibonyeza swichi, feni inazunguka, taa za vitufe zinamemeta mara moja, na kioo kinapata mwanga wa buluu bila herufi hata moja. Kwa hiyo umeme upo. Kama umeme upo na mashine haifanyi kazi, basi ubongo wake umeharibika. Hoja hiyo yapendeza masikioni, lakini ina tundu. Inachukulia kwamba umeme ama upo ama haupo, kana kwamba hakuna hali ya tatu.

Mjomba aliomba siku mbili za kufikiri, tukaipeleka mikisa kwa mzee mmoja anayetengeneza redio na televisheni. Mjomba alipoanza kusema imekufa, mzee alimkatiza kwa upole. "Bwana, habari ya kufa tuiache kwanza. Niambie inafanya nini." Akatusikiliza mpaka mwisho, akaandika kwenye kipande cha karatasi: feni ndiyo, taa mara moja, kioo kitupu.

Alianza nje akaelekea ndani. Alipima soketi ya ukutani, kisha waya, kisha fyuzi. Vyote vilikuwa salama. Ndipo alipofungua kifuniko, akachomoa waya wa umeme, na hakugusa kitu. Aliniambia kwamba ndani ya pawa saplai ya aina hiyo, umeme wa volti 220 wa ukutani hugeuzwa kuwa umeme wa mkondo mmoja wa volti zipatazo 310, nao hubaki umehifadhiwa hata baada ya waya kuchomolewa. "Mwanangu, hapa ndipo wenye haraka wanapokufa." Tulisubiri, akapima, na mita ilipokaribia sifuri ndipo alipoingiza mkono.

Pawa saplai ya mikisa haitoi umeme wa namna moja. Kuna volti 5 kwa ajili ya vichakataji, kuna volti 15 chanya na 15 hasi kwa ajili ya njia za sauti, kuna 12 za feni, na kuna 48 zinazopelekwa kwenye maikrofoni zinazohitaji umeme. Mzee alirudisha waya na kupima njia moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa sawa isipokuwa ile ya volti 5, iliyosoma 4.3. Alipotenganisha bodi kuu na pawa saplai, njia hiyohiyo ikasoma 5 kamili. Alipounganisha tena, ikashuka.

Hapo fumbo lilieleweka nusu. Ndani ya bodi kuna kijisehemu kinacholinda kichakataji: volti zikiwa chini ya kiwango, hukizuia kisianze kazi. Ndiyo maana feni ilizunguka na kioo kikawa na mwanga, lakini hakuna kilichoandikwa. Ubongo ulikuwa umezuiwa usiamke. Swali lililobaki ni nani mwenye kosa. Je, bodi inakula umeme kupita kiasi, au pawa saplai ni dhaifu na inaelemewa na mzigo wa kawaida?

Jibu lilitoka gereji ya jirani. Mzee aliazima taa ya breki ya gari, ile ya volti 12 na wati 21, akaiunganisha kwenye njia ya volti 5 badala ya bodi. Taa ikawaka wekundu hafifu, na mita ikasoma 4.4. Taa haina ubongo wa kuharibika. Kama umeme unashuka mbele yake pia, basi aliyechoka ni pawa saplai, na bodi iliyohukumiwa kifo haina hatia.

Kapasita mbili za njia hiyo zilikuwa zimevimba vichwani. Kapasita za namna hiyo zina maji ya kikemikali ndani, nayo hukauka polepole kwa joto. Mafundi wana kanuni kwamba joto likizidi kwa nyuzi 10, umri wake hupungua kwa nusu, na sote tunajua jinsi mji wetu wa kando ya Ziwa Tanganyika ulivyo na joto. Mzee aliweka mpya za ukubwa uleule, zinazostahimili nyuzi 105, akihakikisha upande wa hasi umekaa mahali pake. Njia ikasoma volti 5, mzigo ukiwemo. Mikisa ikaamka.

Lakini iliamka bila kumbukumbu. Kioo kiliandika kwamba betri ni dhaifu, ile ndogo ya volti 3 iliyo kama sarafu, inayotunza mipangilio wakati mashine imezimwa. Mipangilio yote ya miaka mingi ilikuwa imepotea: kumbi alizozizoea mjomba, sauti ya kila mwimbaji. Mjomba alitazama kioo kwa muda mrefu, akasema, "Masikio yangu bado yapo."

Usiku uliofuata tulikaa naye, yeye akisikiliza na kuzungusha vitufe, mimi nikiandika daftarini. Vitabu vya darasani vilinipa masafa na kipimo cha sauti. Yeye alisema: huyu mama sauti yake ina ukali puani, mpunguzie, ngoma hii ina uvivu, iamshe, ukumbi ule una mwangwi, usimwage besi. Niliandika maneno yake kama alivyoyatamka, na pembeni nikaweka namba za kwenye kioo. Daftari hilo lilikwenda nasi kwenye harusi zote tatu. Namba zilibadilika katika kila ukumbi, maneno hayakubadilika. Nimeanza kuyakusanya yawe orodha ya istilahi, na mzee fundi ameahidi kuniongezea ya kwake, kuanzia na majina ya namna zote ambazo kitu kinaweza kuwa "hakiwaki".