Kionjo cha Sikio

Wazee walisema kwamba sikio halilali na njaa. Walikuwa na maana kwamba kila siku ina habari yake, na mwenye masikio hakosi la kusikia. Methali hii ni ya kweli, lakini haituambii sikio hushiba nini. Mtu aweza kushiba makapi kama awezavyo kushiba nafaka. Katika siku zetu honi za matatu, redio za madukani na simu za mikononi hulilisha sikio tangu alfajiri hata usiku wa manane, wala haliulizwi lapenda nini. Nataka kusema juu ya chakula kimoja cha sikio ambacho hakiji chenyewe. Hicho hapana budi kukiendea, na kukaa kitako mbele yake.

Nilipokuwa nikisomea ualimu, chuo chetu kilitoa vitu vikuukuu vilivyokuwa vikijaza ghala, na mkufunzi wa muziki akanipa gramofoni moja na santuri moja. Santuri hiyo ni ya namna ambayo makampuni ya muziki yalizoea kuiuza kwa bei nafuu ili kuwavuta wanunuzi. Haina kazi moja nzima, bali ina vipande vya kazi nyingi, kama mwuza maembe anayekukatia kipande uonje kabla ya kununua. Mna ndani yake muziki wa okestra, muziki wa watu wachache wa kupigwa sebuleni, na nyimbo za mtu mmoja. Wajuzi wengine huzidharau santuri kama hizi. Husema kwamba ni kuukata mti ili kuonyesha jani. Mimi nimeishi na yangu kwa zaidi ya miaka kumi, nimeipiga mbele ya madarasa mengi, na naiona kuwa ni mwalimu mwema, kwa sharti moja nitakalolitaja.

Kipande cha kwanza ni sehemu ya kufungulia ya Simfonia ya 5 ya Ludwig van Beethoven. Simfonia ni kazi ndefu ya okestra, na okestra ni jamii kubwa ya wapigaji wa fidla, zumari, tarumbeta na ngoma, wote wakitii mkono wa kiongozi mmoja. Kipande hiki huanza kwa sauti nne tu, tatu fupi na moja ndefu, kama mtu anayebisha mlango naye hana nia ya kuondoka. Karibu kila kinachofuata, kwa muda wa dakika saba hivi, kimejengwa kwa sauti hizo nne. Mara zinapigwa kwa ghadhabu na wote, mara zinanong'onwa na wachache, mara zinakimbizana. Seremala aliyepewa ubao mmoja ametoa mlango, kitanda na meza.

Beethoven alizaliwa Bonn, Ujerumani, mwaka 1770, akafanya kazi yake Vienna, mji mkuu wa Austria. Kabla hajatimiza miaka 30 masikio yake yalianza kufa. Mwaka 1802, akiwa katika kijiji cha Heiligenstadt, aliwaandikia ndugu zake barua iliyokuja kuonekana baada ya yeye kufa mwaka 1827. Ndani yake alieleza uchungu wa mwanamuziki ambaye mwenziwe aliyesimama kando yake anasikia filimbi ya mbali, naye hasikii kitu. Mtu huyo ndiye aliyeitunga simfonia hii katika miaka iliyofuata. Ikapigwa mara ya kwanza Vienna tarehe 22 Desemba 1808, usiku wa baridi kali, katika tamasha la kazi zake lililochukua muda wa saa nne. Waliokuwamo walitetemeka vitini. Tukumbuke habari hiyo tunapolalamika kwamba dakika saba ni nyingi.

Hapa ndipo mahali pa lile sharti. Simfonia ya 5 ina sehemu nne, na santuri yangu ina ya kwanza tu. Katika sehemu tatu za mwanzo, wapigaji wa tromboni hukaa kimya na ala zao mapajani. Huingia katika sehemu ya nne, wakati giza lote la mwanzo linapogeuka kuwa furaha. Basi mtu akiishia kwenye kionjo, atasema kwamba Beethoven ni mtu wa hasira, na kwamba amemjua. Kumbe amesikia ugomvi asisikie suluhu. Kwa hiyo nasema kwamba kionjo ni kitu chema maadamu mwonjaji hakiiti mlo.

Kipande cha pili hakina kiongozi wala jeshi. Ni kwarteti, yaani muziki wa watu wanne: fidla mbili, viola ambayo ni fidla kubwa kidogo yenye sauti nzito zaidi, na selo ambayo mpigaji huiweka katikati ya magoti. Mtungaji ni Joseph Haydn, mwana wa fundi wa magurudumu, aliyezaliwa mwaka 1732 katika kijiji cha Rohrau, Austria. Alitunga kwarteti zaidi ya 60. Hii yangu ni sehemu ya polepole ya ile iitwayo Kwarteti ya Kaisari, ya mwaka 1797.

Fidla ya kwanza hutoa lahani yake, yaani mwendo wa wimbo, kwa upole. Kisha huiachia fidla ya pili iseme lahani ile ile, na viola na selo hunyamaza kabisa. Kisha huja zamu ya selo, kisha zamu ya viola, na mwisho lahani hurudi kwa fidla ya kwanza. Lahani yenyewe haibadiliki. Kinachobadilika ni yale wanayosema wenzake pembeni, wakiikubali, wakiipamba, au wakiitilia huzuni kidogo. Nimehudhuria mikutano mingi ya walimu na ya wazazi, na ni michache ambamo watu wanne waliweza kusema jambo moja kwa zamu bila mmoja kumkatiza mwingine. Kwa Haydn jambo hilo huchukua dakika chache, na hakuna anayetoka akiwa amepungukiwa heshima.

Lahani hiyo ina safari ya ajabu. Haydn alipokuwa Uingereza aliwasikia watu wakimwimbia mfalme wao, akatamani watu wake nao wawe na wimbo kama huo. Akautunga, ukaimbwa Februari 1797 siku ya kuzaliwa ya Kaisari Franz, kisha akautia katika kwarteti hii. Kaisari amekwenda na milki yake, lakini lahani imebaki, na leo ndiyo ya wimbo wa taifa wa Ujerumani. Nanyi vijana mnajua, au yafaa mjue, kwamba lahani ya wimbo wetu wa taifa ilitolewa katika wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto, ikatengenezwa na tume ya wanamuziki watano mwaka 1963. Lahani njema haiulizi itakaa wapi. Iliyoanza kwa mama penye Mto Tana sasa husimamisha bunge na majeshi.

Kipande cha tatu ni wimbo wa mtu mmoja na piano moja, nami nakipenda kwa sababu ya ziada: mtungaji wake alikuwa mwalimu. Franz Schubert alizaliwa Vienna mwaka 1797. Alisomea ualimu, na mwaka 1814 akaanza kufundisha watoto wadogo katika shule ya baba yake. Kazi hiyo hakuipenda, na baadaye aliiacha. Lakini mwaka 1815, akiwa na umri wa miaka 18 na madaftari ya wanafunzi yakimngoja, alilitia muziki shairi la Goethe liitwalo Erlkönig. Alikufa mwaka 1828, hajatimiza miaka 32, ameacha nyimbo zaidi ya 600.

Kisa cha shairi ni hiki. Baba amepanda farasi usiku, amemkumbatia mwanawe, anakimbia kwenda nyumbani. Mtoto anamwona mfalme wa mapepo na kuyasikia maneno yake matamu ya kumwita. Anamwambia baba. Baba anajibu kwamba ni ukungu tu, ni upepo katika majani makavu. Mtoto analia tena, na tena. Wanapofika nyumbani mtoto amekwisha kufa mikononi mwa baba yake. Mwimbaji ni mmoja, lakini husema kwa sauti ya watu wanne: msimulizi, baba, mtoto na pepo. Piano ndiyo farasi, nayo haipumziki mpaka karibu na mwisho.

Siku moja niliupiga wimbo huu mbele ya kidato cha pili. Sikuwaeleza kisa, wala hapakuwa na mtu darasani aliyejua Kijerumani. Nilitaka wasikie tu, kisha waniambie wamesikia nini. Mmoja alisema amesikia farasi, mwingine mvua. Kisha msichana mmoja, ambaye kwa desturi hakunyosha mkono, akasema:

"Mwalimu, mna mtoto anayeogopa, na mkubwa aliye naye hamwamini."

Nikamwuliza amejuaje.

"Kila akilia, sauti yake inapanda juu zaidi kuliko mara ya kwanza. Mtu hupandisha sauti hivyo akiwa amekwisha kusema na hakusikilizwa."

Ndivyo Schubert alivyoandika. Kilio cha mtoto hurudi mara kwa mara, na kila kirudipo huanza juu zaidi, hali baba hujibu kwa sauti ya chini na ya utulivu. Pepo peke yake ndiye anayeimba kwa upole, kama mtu anayegawa peremende. Msichana yule aliyasikia hayo yote bila neno moja la kumsaidia.

Baada ya kipindi alibaki nyuma wenzake walipotoka. Aliyonieleza si ya kuandikwa katika kitabu. Yatosha kusema kwamba yalihitaji mtu mzima wa kuyasadiki, na siku ile walipatikana wawili, mimi na mwalimu mwenzangu wa kike ambaye nilimwita, tukafanya yaliyotupasa. Sisemi kwamba santuri ilimwokoa. Aliyefanya kazi hiyo ni yeye mwenyewe, kwa kusema. Lakini naamini kwamba wimbo ule ulimwonyesha kwamba jambo lake lina umbo, na kwamba kijana mwingine, katika nchi nyingine na karne nyingine, alilijua vizuri hata akaweza kuliandika. Mtu akiona hivyo hupata ujasiri. Tangu siku hiyo mwanafunzi akiniambia jambo mara ya pili kwa sauti ya juu kuliko ya kwanza, mimi huweka kalamu chini.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu ninayemheshimu, alinipinga. "Hayo ni mambo ya Wazungu," alisema. "Sisi tuna nyatiti, tuna zumari, tuna ngoma. Kwa nini uwalishe watoto chakula cha jirani na chungu chetu kimejaa?" Swali lake ni la haki. Lakini ala hazina ukoo wa damu. Fidla imekaa katika taarab ya pwani miaka mingi, na chama cha Ikhwani Safaa, kilichoundwa Unguja mwaka 1905, kimeipiga mpaka imesahau ilikotoka. Katika tamasha la muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, shule zetu huimba nyimbo za makabila yetu na za Ulaya katika jukwaa moja. Huko Korogocho, Nairobi, vijana wa Ghetto Classics hupiga muziki wa Beethoven bila kuomba ruhusa ya mtu.

Tena kuna faida ambayo rafiki yangu hakuitia katika hesabu. Nilipozoea kuzifuata sauti nne za Haydn, kila moja katika njia yake, nikaenda kumsikiliza mpiga nyatiti. Nikazisikia nyuzi nane, nikaisikia pete ya chuma katika kidole cha mguu wake ikigonga mbao, nikaisikia sauti ya mwimbaji juu yao, kila kitu mahali pake. Sikio lililokwenda ugenini lilirudi nyumbani limenolewa. Chungu chetu hakikupungua kwa kuonja cha jirani.

Basi, vijana, mkipata santuri ya vionjo, au mkivipata vionjo hivyo katika simu, ambako siku hizi ni rahisi kuvipata, nawashauri hivi. Chagueni kipande kimoja. Mara ya kwanza kisikilizeni tu, bila kuzungumza wala kufanya kazi nyingine. Mara ya pili fuateni ala moja tangu mwanzo hata mwisho, kama mnavyomfuata kwa macho mchezaji mmoja uwanjani. Mara ya tatu jiulizeni: ni nani anayesema hapa, ni wengi, ni wachache, au ni mmoja? Naye anayejibiwa ni nani, na ni nani asiyejibiwa? Kisha kitafuteni kile kitu kizima ambacho kionjo kilikatwa. Simfonia ya 5 yote huchukua nusu saa na kitu, nayo yaweza kuenea katika kipindi kimoja cha darasani. Msiondoke baada ya ule ubishaji wa mlango wa mwanzo. Kaeni hata sehemu ya nne, mpaka tromboni ziingie.