Mguu Uliokwama
Kibarua kile nilikipata mwaka 1999, nikiwa mwanafunzi California: kucheza mpira wa kikapu peke yangu mbele ya kamera, ili mwendo wangu uingizwe kwenye mchezo wa video. Dreamcast, mashine ya michezo ya Sega, ilikuwa inaingia madukani Marekani Septemba ile, na watengenezaji wa michezo walikuwa mbioni.

Nilivalishwa vazi jeusi la kubana, nikashukuru mama yangu yuko mbali. Lilibandikwa vijipira vidogo kama kunazi, vimezungushiwa utepe unaorudisha mwanga. Kompyuta haikuona uso wangu wala jasho. Iliona nukta tu. Kabla ya kila zoezi nilisimama mikono nimeitandaza kama sanamu la kufukuzia ndege shambani, nukta zihesabiwe kwanza. Kijipira cha kisigino kilibanduka karibu kila nilipofunga breki, tukaanza upya.

Kudanki siwezi, wala sikuwahi. Walimleta jamaa mrefu akaruka asubuhi nzima huku akipigiwa makofi. Mimi nikaachiwa kukimbia, kusimama, kugeuka na kurudi nyuma kukaba.

Baadaye wakanionyesha matokeo. Mabega yalikuwa yangu kabisa, hata lile la kushoto ninaloliinamisha. Ila miguu! Ilipiga hatua huku ikiteleza, kama mtu anayekimbia kwenye sakafu iliyomwagiwa sabuni.

Mhandisi mmoja akavua viatu vyake, akavitembeza juu ya meza kunieleza. Hatua zangu zina urefu wake na kasi yake. Mwenye pedi ya kuchezea naye anataka kwenda popote, sasa hivi. Basi programu inaukokota mwili kufuata kidole gumba, na miguu inacheza tu rekodi yake. Hatua na umbali havipatani. Ukitaka mguu ushike sakafu, lazima umsubirishe mchezaji hadi hatua iishe, naye atalalamika kuwa mchezo mzito.

Hapo ndipo nilipobisha, na bado nabisha. Uwanjani mwili nao unatusubirisha. Allen Iverson, ambaye mwaka ule alikaa kwenye jalada la mchezo wa video wa NBA 2K, alipohamisha mpira mkono hadi mkono, beki aliachwa kwa sababu uzito wake ulikuwa umeshalalia mguu usiotakiwa. Mguu ukiteleza, chenga ile haipo; kuna picha yake tu.

Siku mbili zilizofuata tulirekodi kusimama. Hatua mbili kisha breki, hatua tatu kisha breki, mguu wa kulia, mguu wa kushoto. Hakuna aliyepiga makofi. Magoti yangu yanazikumbuka siku zile mpaka leo, hasa mvua ikikaribia.

Juni 2009 Mtanzania wetu Hasheem Thabeet, futi 7 na inchi 3, alichaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA, na Memphis Grizzlies. Nilikuwa nimesharudi Dar es Salaam. Mpwa wangu akaleta mchezo mpya ambao Thabeet yumo, tukajaa sebuleni, majirani wamesimama mlangoni. Akamkimbiza hadi chini ya ringi, kisha akabonyeza ageuke ghafla. Thabeet akakanyaga kwanza, goti likakunjika kidogo, ndipo akageuka. Mpira ukapokonywa.

“Mjomba, hii pedi mbovu,” akasema, akiigonga pajani.

Nikamwambia hebu arudie, nami nikainama karibu na runinga kuutazama ule mguu.