Mukesh, sauti ya wasiojua kuimba

Ikiwa ulilelewa katika nyumba yenye redio ya kaseti, yamkini umewahi kuisikia sauti ya Mukesh hata kama jina lake hulijui. Ni ile sauti ya mwanamume wa Kihindi inayotokea puani kidogo, isiyopanda sana wala kukimbia, kana kwamba mwenyewe anatembea peke yake usiku akirudi nyumbani. Ukiisikia mara moja hutaichanganya na nyingine. Wengi huipenda. Mimi niliicheka, na kicheko hicho kilifanya nyumba yetu iwe kimya kwa muda wa miaka ishirini.

Babangu alikuwa fundi cherehani katika duka moja la vitambaa mjini Mombasa. Aliingia hapo mwaka wa 1974 akiwa na umri wa miaka 18, hajui Kihindi ila maneno machache ya kutaja bei. Mwenye duka alikuwa mpenzi wa nyimbo za filamu, na siku hizo Sauti ya Kenya ilikuwa na idhaa ya Kihindustani, kwa hivyo redio ya dukani haikuzimwa. Miguu ikiwa kwenye cherehani na masikio kwenye redio, baba alihifadhi wimbo baada ya wimbo. Jumapili alikwenda sinema, Regal au Naaz, akakaa viti vya mbele kabisa ambavyo ndivyo vilivyokuwa rahisi, akatoka na shingo inayouma na wimbo mpya.

Nyumbani aliimba akipiga pasi. Hakuwa na sauti nzuri, nami sitamsingizia. Aliimbia puani, akakosea maneno, akafika mahali pa juu akaishiwa na pumzi. Siku moja mwaka wa 2002, nikiwa darasa la saba, wanafunzi wenzangu wawili walikuja tufanye hesabu pamoja. Baba alikuwa chumba cha pili akipiga pasi shati lake na kuimba. Mwenzangu mmoja akauliza kama mzee ana mafua. Nilicheka kuliko wote. Kisha nikasema kwa sauti ya kusikika kwamba hata hajui maana ya anayoyaimba.

Wimbo ulikatika. Baba alimaliza kupiga pasi, akatoka, akawasalimu wenzangu vizuri kabisa, akaenda zake. Hakunigombeza siku hiyo wala siku nyingine. Ila hakuimba tena nyumbani, na mimi, kwa utoto wangu, nilichukua miezi kadhaa kutambua kwamba kuna kitu kimepungua.

Nilipoanza kukusanya habari za waimbaji wa filamu za Kihindi kwa ajili ya kazi hii ya uandishi, nilianzia kwa Mohammed Rafi kama afanyavyo kila mtu. Rafi aliweza kila kitu. Manna Dey naye alifunzwa muziki wa kale wa Kihindi akafunzika. Nilipofika kwa Mukesh nikakuta maneno niliyoyajua: anaimbia puani, sauti yake haina mapana, wimbo ukiwa mgumu anapotea. Wajuzi wa muziki walimsema hivyo tangu zamani. Nikakumbuka lile shati, na ile pasi.

Huenda wewe kijana hujui jinsi nyimbo hizi zinavyotengenezwa. Mwigizaji unayemwona akiimba kandokando ya mto aghalabu haimbi. Sauti ni ya mtu mwingine aliyeingia studioni mapema na kurekodi, kisha mwigizaji akaja kufuatisha midomo. Kwa hiyo mwimbaji wa aina hii huwa maarufu bila kuonekana.

Mukesh Chand Mathur alizaliwa Delhi tarehe 22 Julai 1923. Mwalimu wa muziki alikuwa akija nyumbani kwao kumfundisha dadake, na kijana akisikiliza kutoka chumba cha pili. Baada ya shule alipata kazi ndogo katika idara ya ujenzi ya serikali. Kisha, katika harusi ya dada yake, akasikika akiimba na jamaa yao, mwigizaji Motilal, ambaye alimchukua Bombay na kumtafutia mwalimu. Mwaka wa 1941 alitokea katika filamu iitwayo Nirdosh, akiigiza na kuimba mwenyewe. Filamu haikufua dafu.

Jina alilipata mwaka wa 1945 kwa wimbo mmoja wa filamu ya Pehli Nazar, uliotungiwa mahadhi na Anil Biswas. Wakati huo mfalme wa nyimbo alikuwa K. L. Saigal, na Mukesh alimwiga Saigal hasa. Inasimuliwa kwamba Saigal mwenyewe aliposikia wimbo huo alishangaa, akasema hakumbuki ni lini aliuimba. Ni sifa kubwa, lakini ukiifikiri vizuri, ni msiba pia: umesifiwa kwa kuwa mtu mwingine.

Sauti yake mwenyewe aliipata kwa Raj Kapoor. Raj alikuwa mwigizaji na mwongozaji kijana, naye alipenda kuigiza mtu wa barabarani, asiye na kitu, mwenye suruali fupi na moyo mkubwa. Mtu wa namna hiyo akitoa sauti iliyonyooshwa na kupambwa, nani atamwamini? Sauti ya Mukesh ilimkaa kama kiatu kilichozoeleka. Mwaka wa 1951 ilitoka filamu ya Awaara, na wimbo wake mkuu, Awara Hoon, maneno ya Shailendra na mahadhi ya Shankar na Jaikishan, ukavuka mipaka. Filamu hiyo ilipofika Muungano wa Sovieti mwaka wa 1954 ilipokewa kwa kishindo, na watu wasiojua Kihindi hata kidogo wakauimba mitaani. Hapa ndipo nilipoinamisha kichwa. Mimi nilimwona babangu kituko kwa kuimba asichokielewa, kumbe Warusi chungu nzima walifanya vivyo hivyo.

Na sisi watu wa Pwani, ni nani wa kushangaa? Marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyetutoka mwaka wa 2014, alichukua mahadhi ya filamu za Kihindi akayatia mashairi ya Kiswahili, na hesabu ya harusi zilizokesha kwa nyimbo zake haihesabiki. Kuna kina mama Mombasa watakaokuambia wimbo fulani Wahindi ndio walioiga.

Lakini ngoja nikueleze sehemu iliyonishika zaidi, kwa maana wengi huiruka. Katika miaka ya 1950, Mukesh alipokuwa kileleni, hakuridhika kuwa sauti iliyofichwa. Alitaka uso wake uonekane. Akaigiza katika filamu ya Mashooqa iliyotoka mwaka wa 1953, na inasimuliwa kwamba mkataba wake ulimzuia kuwaimbia watu wengine. Filamu ikaanguka. Hakukata tamaa. Akatengeneza filamu yake, Anurag, iliyotoka mwaka wa 1956, akaiigiza na hata kuitungia mahadhi. Nayo ikaanguka. Wakati huo huo kazi zilikuwa zinampita. Katika Shree 420 ya mwaka wa 1955, nyimbo kadhaa za Raj Kapoor aliimba Manna Dey, ukiwamo ule wa wapendanao chini ya mwavuli katika mvua. Mwaka uliofuata, katika Chori Chori, Raj aliimbiwa na Manna Dey tupu. Waliosimulia maisha ya Mukesh husema fedha zilimwishia hata ada za shule za watoto zikawa tatizo.

Mkewe, Saral, alikuwa wa familia ya Kigujarati iliyokuwa na uwezo, na wakubwa hawakutaka binti yao aolewe na mwimbaji. Walioana hekaluni mwaka wa 1946, siku Mukesh alipotimiza miaka 23. Hebu fikiria, msomaji, mtu aliyeambiwa na wakwe kwamba kuimba si kazi, sasa amekaa nyumbani, kazi hakuna, na mke hamwambii neno.

Alirudi mwaka wa 1958. Mtungaji Salil Chowdhury alimpa nafasi katika Madhumati, naye Dilip Kumar, mwigizaji mkubwa wa siku hizo, akaimbiwa na Mukesh katika filamu hiyo na katika Yahudi pia. Mwaka uliofuata ukaja wimbo wa Anari uliompa tuzo ya Filmfare, na hakukuwa na mwimbaji wa kiume aliyewahi kuipata kabla yake. Tuzo hiyo aliipata mara nne kwa jumla. Mwaka wa 1974 alipata na tuzo ya taifa kwa wimbo wa Rajnigandha, ambao ni mtulivu kiasi kwamba ukiwa na kelele nyumbani utapita bila wewe kujua.

Nyimbo zake zote hutajwa kuwa takriban 1,300. Rafi na Lata Mangeshkar wana maelfu. Lakini chukua zile za Mera Naam Joker ya mwaka wa 1970: filamu yenyewe ilipotoka haikuuza na nusura imfilisi Raj Kapoor, ila nyimbo zilibaki. Au chukua ule wa Anand, filamu ya mwaka wa 1971, unaozungumzia jioni na mawazo yanayomjia mtu jua likizama. Rajesh Khanna anasimama pale, mgonjwa asiyetaka kuhurumiwa, na ile sauti haimhurumii. Inamsindikiza tu. Kwangu mimi huo ndio bora wa nyimbo zake zote, na anayebisha alete hoja.

Mukesh alifariki tarehe 27 Agosti 1976 mjini Detroit, Marekani, akiwa na umri wa miaka 53. Alikuwa katika ziara ya maonyesho pamoja na Lata. Moyo wake ulikuwa na maradhi ya muda mrefu. Asubuhi hiyo kifua kilimbana, na hospitalini hawakuweza kumwokoa. Onyesho lilimaliziwa na Lata na Nitin, mwanawe Mukesh, kisha mwili ukarudishwa India. Raj Kapoor alisema amepoteza sauti yake. Nyimbo nyingine zilitoka baada ya kifo, hata za Satyam Shivam Sundaram mwaka wa 1978, na tuzo yake ya nne, ya wimbo wa Kabhi Kabhie, ilitolewa mwenyewe akiwa hayupo.

Nilipofika hapo katika maandishi yangu nilimpigia baba simu. Sasa ana cherehani yake barazani, anashona sare za shule na kupunguza suruali za majirani. Nilimuuliza kama anakumbuka siku habari za kifo cha Mukesh zilipofika. Akanyamaza kidogo. Akasema tajiri wake alizima redio na kuwaambia waendelee kushona, na duka lilikuwa kimya hadi saa za kufunga.

Nikamuuliza kwa nini alimpenda huyo badala ya Rafi aliyekuwa fundi zaidi.

"Rafi tulimsikiliza, mwanangu," akasema. "Mukesh tulimwimba. Rafi ungemwimbaje?"

Nilitaka kumwomba radhi palepale kwenye simu, nikashindwa. Nikamwambia nitakuja Jumapili.

Nilikwenda. Tulikunywa chai, tukazungumza habari za bei ya uzi na goti lake la kulia. Baadaye nikamwambia, "Baba, ile siku ya pasi, wenzangu walipokuja, nilikosa adabu. Uniwie radhi." Akainua macho kutoka kwenye sketi aliyokuwa akiishona. Nilidhani ataniambia amesahau, maana wazee wetu ndivyo wanavyotuokoa. Hakusema hivyo. Alisema, "Ulisema kweli. Maana nilikuwa siijui." Kisha akauliza kama mimi, niliyesoma chuo, sasa ninaijua.

Nikampa maana ya wimbo wa Anand kadiri nilivyoipata. Alisikiliza akiwa ameshika mkasi. Akasema alidhani ni wimbo wa msafiri aliyekosa basi. Nikacheka, naye akacheka, halafu nikauweka kwenye simu na kuilaza juu ya cherehani.

Ubeti wa kwanza alishona tu. Wa pili ulipoanza, nikasikia kitu puani mwake, chini sana, nyuma kidogo ya Mukesh. Sikuinua uso. Mama alichungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi, akanitazama mimi, akamtazama yeye, akarudi kwenye chungu chake bila kusema neno.