Daftari Langu la Bendera

Kila mtu ana jambo alipendalo kulifanya baada ya kazi. Wenzangu wengine hucheza mpira, wengine huimba katika kwaya. Mimi napenda kujifunza bendera za mataifa. Nina daftari ambalo katika kila ukurasa nimechora bendera moja kwa penseli za rangi. Chini yake nimeandika jina la nchi, mji wake mkuu, majirani zake, na mwaka bendera hiyo ilipopandishwa kwanza.

Rafiki zangu huniuliza, "Je, bendera huliwa?" Nimeona vema niwajibu katika gazeti letu.

Kwanza, bendera hufundisha jiografia bila kuchosha. Tazama bendera ya Lesotho ya mwaka 2006. Katikati mna kofia nyeusi ya kienyeji iitwayo mokorotlo. Nilipotaka kujua watu wa kofia hiyo wanakaa wapi, nikafungua ramani, nikaona kuwa nchi yao yote ni milima. Mahali pa chini kabisa huko pana kimo cha mita 1,400 hivi, yaani sawa na mji wetu wa Lushoto. Basi Lesotho ni nchi isiyo na Mombo ya kuteremkia! Tangu siku hiyo sijaisahau.

Pili, bendera za mbali hutuonyesha mambo ya nyumbani. Katika bendera ya Meksiko yupo tai juu ya mpungate, anamla nyoka. Meksiko ndiko kwenye asili ya mkonge, ule tuuonao tukisafiri kutoka Mombo kwenda Tanga. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche yake kutoka Florida, nayo iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo michache yakatokea mashamba makubwa.

Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu, bendera hutueleza habari za wazee wetu. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, na bendera yao nyeusi, nyeupe na nyekundu ilipepea hapa mpaka mwaka 1916. Kisha ikaja ya Waingereza. Likizo iliyopita nilimwonyesha babu daftari langu. Babu hakusoma sana, lakini alipofika kwenye bendera nyekundu ya Tanganyika ya ukoloni, yenye kichwa cha twiga, aliweka kidole juu yake, akasema, "Hii naijua. Hakuna aliyetuuliza kama twaitaka."

Kisha akafunua ukurasa wa tarehe 9 Desemba, 1961, bendera ya kijani, nyeusi na manjano, ambayo Alexander Nyirenda aliipandisha katika kilele cha Kilimanjaro usiku wa Uhuru. Hapo babu akacheka peke yake. Ukurasa uliofuata ni bendera yetu ya leo, ya mwaka 1964, ambayo buluu yake ilitoka katika bendera ya Zanzibar tulipoungana. Kijani ni ardhi na mimea, nyeusi ni watu, buluu ni maji, na manjano ni madini.

Nikahesabu. Babu hajahama katika shamba lake maisha yake yote, lakini ameishi chini ya bendera tatu. Mtu anayesema bendera ni kitambaa tu hajazungumza na wazee.

Kazi hii haina mwisho, maana bendera hubadilika. Rwanda ilibadili yake mwaka 2001, na Sudani ya Kusini ilizaliwa mwaka 2011.

Wanafunzi wenzangu, anzeni na majirani zetu: ngao na mikuki ya Kenya, korongo wa Uganda, nyota tatu za Burundi. Daftari moja na penseli chache zatosha. Nanyi wazazi, mkimwona mtoto anachora bendera, msidhani anapoteza wakati. Mwambieni ni zipi mlizozisimamia ninyi, naye aandike.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu