Simu ya kukunjwa na vumbi la Gikomba

Umewahi kuitazama noti kuukuu, msomaji mpenzi? Huraruka palepale ilipozoea kukunjwa. Ndiyo sababu huziangalia kwa jicho la shaka hizi simu ambazo kioo chake hukunjwa kama daftari.

Shaka hiyo haikuanza kwangu. Mnamo Aprili 2019, Samsung iliwapa waandishi wa habari Galaxy Fold waijaribu kabla haijauzwa. Siku chache tu, vioo vya baadhi ya simu hizo vikaharibika. Wengine walikuwa wamebandua utando wa juu wakidhani ni ile plastiki ya kukinga kioo tunayobandikiwa mitaani, kumbe ni sehemu ya kioo chenyewe! Kampuni ikaahirisha mauzo, ikaupenyeza utando huo chini ya fremu na kuziba mianya ya bawaba. Simu ikaanza kuuzwa Septemba mwaka uo huo.

Mambo yameboreka tangu hapo, sikatai. Galaxy Z Flip ya mwaka 2020 ilikuja na kioo cha kweli, chembamba kuliko unywele, na kufikia 2021 Samsung ilikuwa na simu za kukunjwa zinazostahimili maji. Hata hivyo, juu ya kioo hicho mna utando laini ambao ukucha waweza kuuchora.

Ile simu ya kwanza ilisemekana ingeweza kukunjwa mara 200,000. Ukiifungua mara 100 kwa siku, hiyo ni zaidi ya miaka mitano. Hesabu tamu, ila mashine iliyoijaribu haikupanda matatu wala kuitia mfukoni pamoja na funguo. Punje moja ya mchanga ikipenya kwenye bawaba na kufika chini ya kioo, hukisukuma kutoka ndani kila unapofunga simu.

Sasa binamu yangu, muuza mitumba Gikomba, anataka kuinunua, tena iliyokwisha kutumika, kwa pesa za chama.

"Dada, kioo ni kikubwa, wateja wataona nguo vizuri," aliniambia.

Vumbi la Gikomba unalijua. Nikampeleka kwa fundi, Luthuli Avenue. Fundi akatuonyesha jinsi ya kuikagua: ifungue polepole ukisikiliza kama bawaba inakwaruza, kisha utazame kwenye mkunjo kama utando umeanza kuinuka. Tukauliza bei ya kubadilisha kioo cha ndani. Ilipita nusu ya bei ya simu yenyewe.

Binamu alishusha pumzi, akasema atafikiria. Zamu yake ya chama ni wiki ijayo.