Nilipata Diplome, lakini Mikono Haikusoma

Kama uko na mutoto ao ndugu anayetaka kusoma universite kwa intaneti, kaa kidogo tuzungumze. Mimi nimesoma hivyo. Masomo yale yamenisaidia, siyatukani. Lakini kuna mambo ambayo hakuna mutu aliniambia mbele ya kulipa franga, na sipendi wewe uyajue ukiisha kuchelewa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi upande huu wa Shinkolobwe. Kwenda kuishi Lubumbashi, kupanga nyumba na kuacha bibi na watoto, haikuwezekana. Mwaka 2020, Covid-19 ilipofunga mashule, niliona tangazo la universite moja ya inchi ya kigeni: usalama wa kazi na mazingira ya migodi, miaka mitatu, yote kwa simu. Nikasema, huu ndio mlango wangu.

Taabu ya kwanza unaijua. Mabwawa ya Mwadingusha na Koni, kwenye mto Lufira, si mbali na sisi, lakini umeme unakatika. Mega zinaisha mwalimu akiwa katikati ya neno. Usiku wa mtihani mmoja nilipanda juu ya kichuguu kutafuta rezo, bibi yangu ananishikia torchi. Tulicheka. Hayo yanavumilika.

Taabu ya pili ni kusoma peke yako. Hakuna mwenzako wa kukuambia, «Hapa umekosa.» Ukiuliza swali, jibu linakuja kisha siku ine, mistari miwili tu.

Lakini ubaya wenyewe niliuona kisha kupata diplome, mwaka 2023.

Shinkolobwe unaijua. Sehemu kubwa ya urani ya lile bomu la Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, ilitoka hapa. Kufika 1960 mgodi ulifungwa na mashimo yakazibwa kwa betoni. Baadaye vijana walirudi kutafuta kobalti. Mwezi wa Januari 2004 serikali ilikataza tena. Mwezi wa Julai shimo likawaangukia wachimbaji, wakafa watu wasiopungua wanane.

Basi, jioni moja mwanafunzi wangu wa zamani alikuja na jiwe jeusi ndani ya mfuko wa unga. «Mwalimu, weye njo ulisoma mambo ya mawe. Ii iko kobalti ao iko ile ya mubaya?» Mengine yalikuwa chini ya kitanda chake, na bibi yake alikuwa na mimba.

Ndugu msomaji, katika somo la mionzi nilipata 17 juu ya 20! Nilijua kama jiwe la kobalti ni jeusi, na la urani pia linaweza kuwa jeusi. Nilijua kuna kifaa cha Geiger cha kupimia. Lakini sikukishika hata siku moja. Laboratwari sikuingia. Staji yangu ilikuwa video. Nikamwambia: toa mawe yote mbali na nyumba, nawa mikono, ngoja mutu mwenye kifaa ayapime.

Akaniangalia. «Basi, hata weye haujue.» Akabeba mfuko wake, akaenda. Kama aliyatoa, sijui.

Kwa hiyo, mbele ya kulipa, uliza mambo matatu. Diplome hiyo itatambuliwa na wizara kule Kinshasa? Staji na laboratwari vitafanyika wapi, na mbele ya nani? Mwalimu anayekufundisha, unaweza kumpata ukimtafuta? Wakikujibu kwa maneno matamu tu, chunga franga zako.

Mimi sasa ninatafuta fasi ya kufanya staji ya kweli Lubumbashi wakati wa likizo, pamoja na vijana ninaoweza kuwazaa. Ni haya kidogo kwa mutu mwenye diplome ukutani. Lakini yule kijana anaweza kurudi na jiwe lingine, na siku ile ninataka nilipime.