Drangleic kwa Njia ya Kasumbalesa

Mchezaji wa Dark Souls, ile ya mwaka 2011, anaweza kukuchorea Lordran nzima mchangani kwa kidole. Ukishuka kwa lifti kutoka Firelink Shrine unafika New Londo iliyozama majini. Ukipanda ngazi unaingia Undead Burg, unateseka huko saa kadhaa, halafu unakuta lifti nyingine kanisani, unashuka nayo, na unajikuta pale pale ulipoanzia. Hidetaka Miyazaki na wenzake wa FromSoftware waliijenga nchi ile ikashikana, kila pango likiwa na mlango wa nyuma, na uwezo wa kuruka kutoka moto mmoja wa kupumzikia hadi mwingine hukuupata mpaka umefika Anor Londo, karibu nusu ya safari. Kabla ya hapo ni miguu yako tu. Sijawahi kucheza gemu nikaijua ardhi yake namna ile.

Muendelezo wake, Dark Souls II, ulitoka Machi 2014. Miyazaki alikuwa ameshikwa na Bloodborne, kazi ikaongozwa na Tomohiro Shibuya na Yui Tanimura, na nchi mpya ikaitwa Drangleic. Tangu hapo nimekuwa nikiipenda na kuichukia kwa zamu. Safari hii ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi nimeibeba kwenye kompyuta mpakato, lile toleo la 2015, niicheze usiku palipo na umeme na kuandika asubuhi.

*

Kati ya Mlimba na Makambako treni ya TAZARA inapenya mahandaki na kuvuka madaraja, bonde la Kilombero linaachwa chini, joto linapungua, na abiria wanaanza kufungua mabegi kutafuta masweta. Hakuna kilichobadilika bila wewe kukiona kikibadilika. Hiyo ndiyo Lordran, nilijiambia dirishani. Reli ina kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi na hakuna hata moja inayorukwa.

Usiku wa Kapiri Mposhi, katika nyumba ya wageni, nikafika Earthen Peak. Ni kinu kikubwa cha upepo kilichosimama katikati ya bonde la sumu. Unakipanda mpaka juu, unamuua malkia Mytha, unaingia kwenye lifti, nayo inazidi kupanda. Mlango ukifunguka uko Iron Keep, ngome ya chuma iliyozama katika ziwa la mawe yaliyoyeyuka. Lakini kinu kile umekitazama kutoka nje wakati unakuja, na juu yake palikuwa na anga tupu. Ngome imetoka wapi? Moto wa chini ya ardhi umepandaje juu ya mawingu?

Mashabiki wamelalamikia lifti hii kwa miaka, na mimi niko upande wao. Yapo na mengine. Maadui wanakuvamia kwa makundi pale ambapo gemu ya kwanza ingekuwekea mmoja, umsome. Wepesi wako wa kukwepa pigo umefungwa kwenye namba ambayo mgeni hajui kwamba anapaswa kuipandisha. Na kila ukifa, uhai wako unapunguzwa hadi unabaki nusu, kana kwamba kufa kwenyewe hakutoshi. Hayo yote naweza kuyameza. Lifti imenishinda, kwa sababu imevunja ile ahadi kwamba ardhi haidanganyi.

*

Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, ni malori. Shaba na kobalti zinatoka, mafuta, unga na saruji vinaingia, na foleni ya magari inakwenda mpaka macho yachoke. Ukivuka saa unaiacha ilivyo, kama ulishairudisha nyuma ulipoingia Zambia, kisha ni karibu kilomita mia moja za lami hadi Lubumbashi.

Lubumbashi inajitambulisha kwa bomba refu la moshi na kilima cheusi pembeni yake. Kilima hicho hakikuumbwa na Mungu. Ni mabaki ya tanuri, yaliyomwagwa hapo tangu shaba ya kwanza ilipoyeyushwa mwaka 1911, mwaka mmoja baada ya reli kufika kutoka Rhodesia. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilitawala hapa kwa miaka sitini. Serikali ya Mobutu ikaitaifisha, na baadaye ikawa Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Muongo mmoja baadaye haikufikisha hata tani 50,000.

Nilikiangalia kilima kile nikiwa na Iron Keep kichwani. Katika gemu, Old Iron King alikuwa mtu mdogo aliyepata utajiri wa chuma, akajenga ngome nzito mno hata ardhi ikashindwa kuibeba. Nilipoicheza Dar es Salaam, ngome ile ilikuwa uwanja wa mapigano tu. Hapa, mbele ya mlima uliotoka tumboni mwa tanuri, nilielewa waandishi walitaka kusema nini juu ya ufalme unaoegemea chuma peke yake. Lifti haijapona kwa hilo. Ila ngome yenyewe, ukiikata kutoka kwenye kinu, ni miongoni mwa mahali pazito zaidi walipowahi kupabuni.

Kilima na ngome vinaachana hapa: kilima cha Lubumbashi hakijafa. Kimekuwa kikichimbwa upya, mabaki yanayeyushwa tena ili kutoa kobalti iliyobaki ndani. Drangleic haina mtu wa kufikiria jambo la namna hiyo, na hilo nalihesabu kama upungufu wake.

*

Sammy Baloji, mpiga picha aliyezaliwa mji huu mwaka 1978, ana mfululizo wa picha unaoitwa Mémoire, wa mwaka 2006. Alipiga picha za rangi za mitambo iliyokufa ya Gécamines, kisha akapachika juu yake watu wa picha za kale zisizo na rangi: wafanyakazi wa enzi ya ukoloni, wengine wamesimama wakikutazama. Nimezijua picha hizi muda mrefu. Kuzifikiria nikiwa katika mji wenyewe ni jambo jingine.

Kwa sababu muendelezo huu ninaoulalamikia unafanya kazi hiyo hiyo. Mwishoni unapewa uwezo wa kuingia katika kumbukumbu za wafu. Unagusa jitu lililokauka likawa kama mti, ghafla uko katika vita vilivyokwisha zamani, na waliokufa wanapita mbele yako wakipiga kelele. Gemu ya kwanza haikuwa na kitu kama hicho. Ilikuwa na ardhi isiyosahaulika, lakini kusahau kwenyewe ilikugusia tu. Hii ya pili imemweka Lucatiel, shujaa anayekutana nawe mara kwa mara njiani, na kila mkutano amepoteza kipande kingine cha kumbukumbu, mpaka anachokuomba mwishoni ni umkumbukie jina. Imemweka Vendrick, mfalme unayemtafuta nchi nzima, na ukimpata ni ganda la mtu linalozunguka chumbani, likiburuta upanga, mavazi yake ya kifalme yako pembeni. Nilitarajia pambano la fahari. Nilisimama mlangoni nisijue kama nimpige au nimwache.

*

Kamalondo nimekutana na kijana fundi wa simu. Yeye alianza na Dark Souls II, na ya kwanza aliicheza baadaye. Anaipenda ya pili, na sababu yake ni Majula, kile kijiji kilicho ukingoni mwa bahari jua likizama.

“Yaya, pa mwanzo hakuna bantu,” alisema. “Kisha banakuya moya-moya, banabakia. Njo mugini.”

Ni kweli. Mfanyabiashara unayemkuta porini anahamia Majula, mwingine anafuata, duka la mhunzi linafunguliwa, na taratibu penye upweke panakuwa na majirani. Firelink nayo ilipokea watu, lakini wengi walipita tu. Mtoto wa Lubumbashi analiona hilo haraka kuliko mimi. Mji wake ulijazwa na vibarua kutoka Kasai, Maniema, Rwanda, Rhodesia na Nyasaland, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikawaruhusu walete wake na watoto. Wakabaki. Kiswahili anachonisemesha kilikomaa katika makazi hayo ya wafanyakazi.

Nilimwambia kwamba Tanimura, aliyeokoa kazi ya Drangleic, ndiye aliyekuja kuiongoza Elden Ring ya 2022 pamoja na Miyazaki, na kwamba nadhani huko ndiko mawazo ya gemu ya pili yalikopata ardhi ya kuyabeba. Akakubali nusu. Kuhusu lifti hakukubali kabisa. Anasema kule ni nchi ya watu wanaosahau, na mtu anayesahau hakumbuki njia aliyopita, basi kinu na ngome kushikana ni sawa. Nikamjibu kwamba hoja ni nzuri, lakini ameitoa yeye, gemu haikuisema popote. Mchezaji asilazimike kumtungia mjenzi udhuru.

Mama yake akatuletea bukari, ugali wa huku, na samaki, tukala, na bado tukabishana. Kesho alfajiri napanda basi la Likasi. Amechukua namba yangu ili atume ushahidi.